Mwanamke wa Barazani: kisa cha mchoro uliosomwa polepole

Mchoro una upana wa mita moja na ushei, akriliki juu ya turubai, na saini ya 2021 pembeni. Aliyeuchora ni mama mmoja wa Kikwajuni. Kanipa ruhusa ya kukieleza kisa, ila jina lake akaniomba niliache. Mtazamaji kawekwa baharini, anautazama Mji Mkongwe wa Unguja kwa upande wa Forodhani. Mbele, kushoto kidogo, jahazi limetweka tanga. Nyuma yake ni safu ya majumba, Beit el-Ajaib na mnara wake wa saa katikati, na paa mbili tatu zenye nguo kwenye kamba. Kulia, kubwa kuliko inavyotakiwa kwa umbali ule, ipo nyumba moja yenye mlango wa nakshi na baraza lililopakwa chokaa. Barazani kakaa mwanamke. Uso kauelekeza mlangoni, sisi katubakishia mgongo. Kunguru wawili ukingoni mwa paa.

Ulitundikwa katika chumba cha juu cha nyumba kongwe ya Kiponda, ambacho mimi, mwalimu wa sanaa, nilikuwa nakisimamia nyakati za jioni, tangu mvua za masika zilipokatika mpaka Ramadhani ilipokaribia. Haukuwa na kibandiko chochote cha maelezo. Mchoraji ndiye aliyetaka hivyo. Nilichoongeza mimi ni daftari la kuandikia maneno ya watu, na kiti kimoja mbele ya mchoro, kwa sababu mtu aliyesimama huwa tayari yuko njiani kuondoka. Mwaka 2001 Jeffrey Smith na Lisa Smith walichapisha utafiti waliofanya katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, wakipima muda wa wageni mbele ya picha: wastani wa kuitazama kazi moja ulikuwa kama sekunde 27. Na hizo ni kazi za majina makubwa.

Wiki za mwanzo daftari langu lilikuwa linasikitisha. "Nzuri." "Bahari yetu." "Bei gani?" Sikuwalaumu. Ukipita mtaa wa Gizenga mpaka Hurumzi utakutana na jahazi la namna hii kila baada ya duka moja, limepangwa pamoja na tembo, twiga na Wamasai wembamba wenye mikuki. Mtindo ule wa Tingatinga, ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya ubao mgumu, ulikuwa na vitu vyake vya ajabu ndani. Lakini yanayouzwa mitaani sasa yametufundisha kwamba mchoro ni kitu cha kupimwa kama kitaingia kwenye begi. Jicho la Mzanzibari likiona tanga na mawimbi linasema: hii ya wageni. Likishasema hivyo, linafunga kazi.

Nilichofanya ni kuuliza. Unaona nini? Na mtu akishajibu: kipi humo kinachokufanya useme hivyo? Swali hili la pili si langu. Philip Yenawine na Abigail Housen wa Marekani walilijengea njia nzima ya kufundisha watoto kutazama picha. Faida yake ni moja na ni kubwa: humlazimisha msemaji kuweka kidole chake kwenye rangi. Hisia zako ni zako, ila kidole kikiwa hakina pa kutua, tunasubiri.

Pepo mbili

Wa kwanza kuweka kidole alikuwa mzee wa Malindi aliyezeeka na majahazi ya Pemba na Lamu. Hakukitaka kiti. Alisimama karibu, mikono nyuma, akalifuata tanga kutoka foromali, ule mti unaolishika tanga kwa juu, mpaka pembe ya chini, kisha macho yakapanda kwenye paa za nyumba.

"Maalim, hapa pana pepo mbili."

Nikamuuliza anaona wapi. Akaonesha. Tukiwa baharini tunautazama mji, kaskazi iko mkono wetu wa kushoto na kusi mkono wa kulia. Tanga limevimba kuelekea kushoto, kwa hiyo linasukumwa na kusi. Nguo zilizoanikwa juu ya paa zinaruka kuelekea kulia, kwa hiyo zinapigwa na kaskazi. Kaskazi ni ya Disemba mpaka Machi, ndiyo iliyokuwa ikivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika baada yake na kuvuma mpaka kwenye Septemba, na ndiyo iliyokuwa ikivirudisha. "Chombo hiki kinakwenda zake," alisema, "na nguo hizi za wakati watu wanakuja." Halafu akacheka. "Huyu kachora akiwa jikoni."

Niliyaandika maneno yake. Waliokuja baadaye nikiwasomea walikubali: ni kosa la mchoraji, mtu wa nchi kavu hajui upepo. Kwa muda mrefu tabaka la kwanza la mchoro huu lilihesabiwa kuwa dosari yake.

Doti

Kina mama watatu waliomsindikiza binti mwenye kazi ya shule hawakushughulika na tanga hata kidogo. Mmoja alikaa kitini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbona huyu kavaa vipande vya doti mbili?"

Hapo pakazuka mjadala ambao mimi mwanamume sikuwa na la kuchangia. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vya aina moja, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Mwanamke wa barazani kichwani kajitanda kanga ya manjano yenye korosho, kiunoni kajifunga nyekundu yenye pindo jeusi. Mwenye haraka anaweza kuvaa hivyo, walisema, akaenda dukani kununua chumvi. Lakini huyu katulia, kanga zote mbili mpya, zimekunjika vizuri. Mtu akivaa vipande vya doti mbili mpya, vile viwili vingine viko wapi? Watu wanaopendana hugawana doti.

Wakaanza kutafuta, na walivyotafuta ni jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa wanafunzi wangu. Waligawana turubai kama watu wanaochambua mchele kwenye ungo mmoja. Cha manjano kilipatikana upesi: kiko juu ya paa la nyumba ile ile ya kulia, kinapigwa na kaskazi. Chekundu kilichukua muda mpaka binti mwenyewe alipoinama na simu yake na kuikuza picha. Kiko kwenye jahazi, upande wa shikio, kimefungiwa mzigo. Pindo jeusi linaonekana wazi ukishajua ni pindo. Kabla ya hapo nilikuwa nimeliona kila jioni na kulidhania kamba.

Simu ilionesha na kingine. Jina la kanga ya kiunoni limemezwa na mkunjo, yamebaki maneno MWENYEJI APO. Kwenye mzigo jahazini, kwa herufi ndogo sana, MGENI NJ. Hakuna aliyehitaji kusomewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nusu ya mgeni imepakiwa chomboni na nusu ya mwenyeji imeachwa barazani.

Sasa pepo zile mbili hazikuwa tena makosa. Kanga ya manjano ilianikwa msimu wa kujiwa, nyekundu inasafirishwa msimu wa kuondokewa, na mwanamke kavaa zote mbili. Mmoja wa kina mama alisema pole pole kwamba mgeni huyu alikaa kaskazi nzima. Tafsiri hii ilipendwa mno. Daftari lilijaa. Watu walianza kuleta ndugu zao waje kuoneshwa mzigo, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu anayeoneshwa mzigo akishauona huondoka na mzigo tu.

Mlango, na tabaka lisilokuwepo

Kijana mmoja anayetembeza wageni alisoma mchoro kwa njia ya mkato. Akawaelekeza watu wake kwenye fremu ya mlango: mnyororo umechongwa, basi hii ni nyumba ya mfanyabiashara ya watumwa, na mwanamke pale ni kumbukumbu ya utumwa. Alilisema kwa ufasaha, na wageni waliinamisha vichwa.

Utumwa Unguja si jambo la kubishia. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa papo hapo. La kubishia ni kama limo ndani ya turubai hii. Hadithi za milango yetu hutembea zenyewe mjini bila kuomba ruhusa ya milango. Utaambiwa misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo, kisiwa ambacho tembo wake wote wamechorwa. Desturi hiyo husimuliwa kwa Bara Hindi, ikahama na mafundi au na maneno tu.

Fundi seremala mmoja wa milango, mtu wa maneno machache na yote makali, alikuja siku moja, nikamsimulia maneno ya kijana. Alikaribia mpaka pua ikagusa rangi.

"Mnyororo gani? Haya mawimbi. Na kayachora vibaya." Akasogea chini. "Mnyororo upo, lakini ni huu hapa."

Chini ya mlango, penye kizingiti, pana mnyororo wa chuma wa kweli na kufuli. Umechorwa kwa kijivu juu ya kahawia, wala haujifichi. Mlango umefungwa kwa nje.

Jambo hili likaivuruga tafsiri ya kina mama iliyokuwa imeshika mji. Kama nyumba imefungwa kwa nje, aliyekaa barazani si mwenyeji. Mwenye nyumba ndiye aliyeondoka. Mwanamke ndiye mgeni aliyekuja na kaskazi, akakuta kanga yake ya manjano inapeperuka juu na mlango una kufuli. Lakini mbona basi kavaa MWENYEJI? Mama wa miwani alirudi siku nyingine kwa ajili ya hili tu. Akasema labda wamebadilishana. Fundi akasema labda kapoteza ufunguo. Niliandika vyote viwili.

Ninaupenda mchoro huu kwa sababu ya kufuli lile kuliko kitu kingine chochote kilichomo. Kijana alikosea, na kosa lake ndilo lililompeleka fundi mlangoni. Tafsiri yake haikusimama kwa sababu kidole chake kilitua juu ya mawimbi, lakini bila yeye tungeendelea kuuita mlango ule pambo. Kunguru hawakuwa na bahati hiyo. Wengi waliwafanya mauti, wengine wajumbe, mmoja akasema ni majasusi. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa hapa mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na tangu hapo hakuna paa la Mji Mkongwe lisilokuwa nao. Mchoraji kawaweka wawili tu, na nadhani kawahurumia watazamaji.

Mnara

Hili lilionekana na mvulana wa kidato cha pili, na halikuhitaji ujuzi wa kitu chochote. Alisema: "Mnara huu umepitwa na mawingu." Wenzake wakamcheka. Kweli, ukitazama utaona kwamba mbingu ilichorwa kwanza, yote, kutoka ukingo hadi ukingo, na mnara ukaja juu yake kwa rangi iliyoyeyushwa sana, mpaka wingu moja jeupe linapita ndani ya uso wa saa. Beit el-Ajaib iliyobaki imechorwa kwa rangi nzito, nguzo kwa nguzo. Mnara peke yake unapenya.

Jumba lile alilijenga Sultan Barghash mwaka 1883, na mnara wa saa uliunganishwa nalo baada ya mji kupigwa mizinga ya Waingereza Agosti 1896. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ilianguka na mnara ukaenda nayo, na watu wakapoteza maisha. Saini ya mchoro ni ya 2021. Wazanzibari wote walioingia chumbani walijua mnara haupo, na karibu wote waliutazama uko pale bila kushituka, kwa sababu mazoea ya kuuona ni makubwa kuliko habari ya kuanguka kwake. Mvulana alikuwa hana mazoea hayo. Alitazama rangi.

Jua la kutoka ubavuni

Tabaka la mwisho hatukulipata kwa kufikiri. Ukuta wenye mchoro unapakana na dirisha la magharibi, na kuna saa ya jioni, karibu na magharibi, ambapo jua huingia chini chini na kulamba uso wa turubai kwa ubavu. Siku nyingi saa hiyo nilikuwa nimeshafunga. Siku moja niliwachelewea kina mama wa doti, na mmoja wao aliyekuwa ameegemea fremu ya dirisha akauliza nani yule aliyekaa kando ya mwanamke.

Kando ya mwanamke hakuna mtu. Pana baraza tupu na ukuta mweupe. Lakini kwa mwanga ule chokaa ilikuwa na matuta: bega, mviringo wa kichwa, mstari wa mgongo unaoshuka mpaka kwenye baraza. Mtu wa pili alichorwa kwa rangi nzito, akakauka, kisha akafunikwa kwa nyeupe. Rangi ilimficha ila unene ulibaki. Ukisimama mbele huoni kitu. Ukisogea ubavuni, yupo.

Kusogea huku kunajulikana katika historia ya uchoraji. Mwaka 1533 Hans Holbein alichora mabalozi wawili wa Kifaransa wamesimama na zana za elimu za zama zao, na mbele ya miguu yao akaweka umbo lililovutwa kimshazari ambalo halieleweki mpaka utazame kutoka pembeni: ni fuvu. Picha iko National Gallery, London. Holbein alilipanga. Cha Kiponda kinafanana zaidi na kisa cha Pablo Picasso, kwenye picha yake ya chumba cha buluu ya 1901. Mhifadhi mmoja aliandika mwaka 1954 kwamba kuna mikwaruzo ya brashi isiyolingana na kinachoonekana, na mwaka 2014 ikatangazwa kwamba miale ya infraredi imemkuta chini yake mwanamume mwenye tai ya kipepeo. Wao walikuwa na mashine. Sisi tulikuwa na dirisha na mtu aliyechelewa kwenda kwake.

Baada ya hapo nilibadili saa za kufungua.

Aliyosema mchoraji

Nilimwendea na daftari. Alilisoma lote, akiwa hacheki wala hakasiriki, na alijibu mambo matatu. Kanga na maneno yake aliyapanga, na hakutegemea yangeonekana mapema. Pepo mbili hakuzipanga: tanga alilichora mwezi wa Julai akiwa Malindi, nguo alizichora Januari juu ya paa lake mwenyewe, na kaka yake ndiye aliyemwonesha kwamba zinapingana. Akazitazama, akaziacha, na baada ya hapo ndipo alipouweka mzigo jahazini. Kuhusu aliyefunikwa nilipata neno moja: "Hakukaa." Nikangoja aendelee. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Je, pepo zile ni tabaka la maana au ni ajali? Wapo waliosikitika waliposikia jibu lake, kana kwamba wametapeliwa. Mimi sioni hivyo. Ajali aliyoiona mwenye kazi, akaamua ibaki, kisha akaijengea kitu juu yake, imeshakuwa kazi yake. Mnyororo wa kuchongwa aliousema kijana ni tofauti: ule haumo. Na mpangilio wa ugunduzi haukufuata elimu ya sanaa ya mtu yeyote. Upepo ulimngoja baharia, doti ikawangoja kina mama, kufuli fundi, mnara ukamngoja mtoto. Ningeweka kibandiko cha maelezo siku ya kwanza, wote hawa wangekisoma, wakatikisa kichwa, wakashuka ngazi.

Mchoro umeshanunuliwa, na aliyeununua aliniuliza autundike wapi. Nikamwambia ukuta wowote unaopakana na dirisha la magharibi, ila asiuelekeze taa usoni. Fundi wa milango bado hajakubaliana nasi kuhusu yule wa pili. Siku ya kuuteremsha alikuja na tochi yake, akaimulika ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, akapitisha ukucha hewani juu ya mviringo wa kichwa.

"Huyu si mwanamke," alisema. "Hapa juu pamekatika bapa. Hii kofia."

Mama wa miwani akamnyang'anya tochi.